Kombo, Ganzi na Tahayuri: Mhadhara juu ya Neno "Awkward" na Jamaa Zake



Leo nitasema habari za maneno ya Kiingereza ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana hafifu, kwa kuwa hayataji dola wala mali wala elimu yo yote kubwa, bali hutaja ile hali tu ya mtu kutojua aiweke wapi mikono yake, au aseme nini, au atazame wapi. Nimeyachagua kwa sababu katika miaka niliyoitumia katika ukalimani na tafsiri, maneno ya sheria na ya tiba, ambayo watu huyaogopa, hayakunikosesha mara nyingi kama maneno haya madogo. Maana neno la sheria likikushinda utalitafuta kitabuni, na kitabu kitakupa jibu moja, lakini neno "awkward" ukilitafuta kitabuni utapewa majibu mengi yasiyofanana, na kila moja ni la kweli mahali pake na la uongo mahali pengine.

Nilikuwa kijana bado nilipochukuliwa kuwa mkalimani wa mgeni mmoja Mwingereza, mtu mpole na mwenye murua, aliyealikwa alasiri moja nyumbani kwa mzee wa mji mmoja wa pwani. Mle barazani mlikuwa na kiti kimoja tu cha heshima, nacho akawekewa mgeni, na mwenye nyumba pamoja na wazee wenzake wakaketi mkekani, kama ilivyo ada. Mgeni alikaa kitambo, akaitazama miguu yake, akawatazama wale wazee waliokuwa chini yake, kisha akaniinamia akasema kwa sauti ndogo kwamba anajiona "awkward". Mzee akataka kujua amesema nini. Nami kwa pupa ya ujana, na kwa neno la kwanza lililonijia ulimini, nikajibu, "Anasema hana raha." Uso wa mzee ukasawijika. Akakiweka kikombe chake chini taratibu, akaniuliza, "Tumemkosea nini, mwanangu, hata akose raha nyumbani kwangu?"

Nitarejea kwenye baraza ile. Kwa sasa napenda kueleza ni kitu gani hasa kilichonipotea siku ile, na kwa ajili hiyo hatuna budi kwanza kurudi nyuma sana, kwenye asili ya neno lenyewe.

Wajuzi wa asili za maneno wametuonyesha kwamba "awkward" ni neno lililoungwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza, "awk", kimetoka katika lugha ya watu wa Kaskazini, wale mabaharia wa Skandinavia waliozishambulia pwani za Uingereza na hatimaye wakakaa humo wakaoa na kulima. Na katika lugha yao neno lile lilimaanisha kitu kilichogeuzwa, kilichoelekea nyuma badala ya mbele. Kipande cha pili ndicho kile tukionacho mwishoni mwa maneno kama "forward" na "backward", nacho huonyesha upande. Basi neno lilipoanza kuandikwa, katika karne ya 14, halikumtaja mtu mwenye mikono mizito, wala mtu aliyeshikwa na haya. Lilitaja upande tu, yaani kuelekea kusikotakiwa. Maana ya mtu asiye na wepesi ilifuata katika karne ya 16, na Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, tayari neno lilikuwa limewakusanya chini ya paa moja mtu asiyejua adabu za watu, mtu asiye na ustadi wa mikono, na mtu mkaidi asiyetaka kuongozwa.

Mtu wa pwani akiisikia habari hii hana haja ya kustaajabu, maana sisi nasi tumerithi hazina ya maneno ya namna hiyo hiyo. Twasema mambo yamekwenda kombo, na kombo ni kupindika kwa kitu kilichotakiwa kunyoka. Twasema yamekwenda mrama, na mrama ni ule mwendo wa chombo kinapolala ubavu huu na ubavu huu kwa mawimbi. Twasema tenge, twasema upogo, twasema mshazari. Mabaharia wa Kaskazini na mabaharia wetu, ambao hawakuonana kamwe, wote waliona kwamba jambo lisilo sawa ni jambo lililopotea mwelekeo wake, na nadhani hakuna ajabu katika hilo, kwa kuwa mtu aishiye kwa kushika usukani hujifunza mapema kwamba upande ndio kila kitu.

Lakini hapa ndipo tafauti inapoanza. Kombo letu limebaki na mambo na vitu. Shughuli huenda kombo, safari huenda mrama, ila mtu hasemi, "Najiona kombo." Waingereza wao waliliachilia neno lao lipite kila mlango: mzigo usio na pa kushikia ni "awkward", pembe ya ngazi ambapo kabati halipiti ni "awkward", saa ya miadi isiyowafaa wote wawili, swali la mtoto mbele ya wageni, mteja mbishi, kijana aliyerefuka ghafula, mikono ikazidi shati, kimya kinachoangukia meza ya chakula. Hayo yote ni neno moja kwao. Kwa hiyo mfasiri akutanapo nalo, asijiulize kwanza, "Kwa Kiswahili ni nini?" Ajiulize, "Mwelekeo umepotea wapi? Katika kitu, au katika kiungo cha mwili, au katika adabu, au moyoni, au baina ya watu?" Akipata jibu la swali hilo, Kiswahili hakitamnyima neno.

Kiungo cha mwili kina neno lake kwa Kiingereza, nalo ni "clumsy". Asili yake ni ya Kaskazini vile vile, lakini haikutoka katika habari ya upande. Ilitoka katika baridi. Katika Kiingereza cha zama za kati kulikuwa na kitenzi kilichomaanisha kufa ganzi kwa baridi, na "clumsy" ni yule ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, hata akijaribu kufunga kifungo cha koti kinamtoka. Sisi tusio na theluji tumeijua ganzi kwa njia nyingine, kwa mguu uliokaliwa muda mrefu mkekani, lakini hisia ni ile ile, ya kiungo kisichotii. Neno hili lilipokuwa jipya liliwaudhi baadhi ya watu. Mwaka 1601, mjini London, Ben Jonson alitunga mchezo uitwao Poetaster kumkomoa mwandishi mwenziwe John Marston, ambaye alikuwa amelitumia neno hilo kuyaeleza majira ya baridi. Na katika mchezo ule mhusika aliyesimama mahali pa Marston hupewa dawa ya kumtapisha, akayatapika maneno yake ya kujigamba moja baada ya moja, na "clumsy" likiwamo. Leo neno lile lililotapikwa jukwaani liko kinywani mwa kila mtoto wa Kiingereza, ilhali mengi ya maneno yaliyotapikwa pamoja nalo yamekufa. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kuwaonya wanaojitia kuhukumu neno jipya kabla halijakua.

Baina ya maneno haya mawili tafauti ni kubwa. Fundi seremala ambaye randa haimtoki mkononi wala msumari haumkosi aweza kuwa "awkward" akialikwa karamuni kwa wakubwa, wala si "clumsy" hata kidogo; na mtoto avunjaye vikombe viwili kwa siku moja huku akicheka ni "clumsy", wala si "awkward", kwa kuwa haoni haya yo yote. La kwanza huhitaji macho ya watu, la pili laweza kutokea jikoni mtu akiwa peke yake. Kwa "clumsy" mimi husema "mzito wa mikono", na nawasihi wenzangu waache kulitia mahali pake neno "goigoi", kama nilivyokuta katika tafsiri nyingi. Maana goigoi ni mvivu, naye mzito wa mikono aweza kuwa mchapa kazi kuliko wote, na ni dhuluma kumwongezea mtu aibu ya uvivu juu ya msiba wa vidole vyake.

Nimetaja dhuluma, na hapa iko nyingine. Waingereza walipotaka neno la mtu asiyejua mwendo wa watu barazani, walilichukua kwa Wafaransa, katika karne ya 18, nalo ni "gauche", ambalo kwa Kifaransa ni kushoto tu. Neno la kumsifu mtu hodari wa mikono, "dexterous", limetoka katika Kilatini, na maana yake ni wa kulia. "Adroit" limetoka kwa Wafaransa kwa njia hiyo hiyo. Na neno la Kilatini la kushoto limegeuka kwa Kiingereza kuwa "sinister", yaani la shari. Watu wa vijijini Uingereza husema "cack-handed", na kwa neno hilo hilo humtaja mtumia mkono wa kushoto na mharibifu wa kazi. Sisi pia tumeipa mikono daraja: wa kulia ni mkono wa kulia chakula, nao huitwa pia wa kuume, na wa pili huitwa wa kushoto au wa kike, hapana mtu wa pwani atakayempokea mkubwa wake kitu kwa kushoto. Hata hivyo lugha yetu haikuuchukua mkono ule ikaufanya jina la aibu ya mtu. Wa mashoto ni wa mashoto, basi. Nimeona darasani mtoto akifungwa kitambaa mkono wake wa kushoto ili aandike kwa wa kulia, na nikaona herufi zake zikitoka kama za mtu aliyekufa ganzi. Lugha haikumhukumu yule mtoto. Tuliomhukumu ni sisi.

Aliyelishughulikia jambo hili la adabu za barazani kuliko wote ni Lord Chesterfield, mtu mkubwa wa serikali aliyemwandikia mwanawe barua kwa miaka mingi, tangu mtoto akiwa mdogo sana, nazo zikachapishwa mwaka 1774, baada ya wote wawili kufa. Katika barua moja ya mwaka 1741 amemchora mtu "awkward" anavyoingia chumbani: upanga wake wamnasa miguuni, kofia yaanguka, akiiokota fimbo nayo yaanguka, na akinywa chai huunguza kinywa. Lakini baba yule hakuishia kwenye viungo. Alimwambia mwanawe kwamba uko pia u-"awkward" wa maneno, na uko wa akili, kama kusahau jina la mtu unayesema naye. Mimi barua zile huzisoma kwa huzuni, kwa kuwa yajulikana kwamba yule kijana hakupata kuwa na ule wepesi ambao baba yake aliutaka, na kila niisomapo barua ile huwaza kwamba mtoto aonywaye kila wiki juu ya mikono yake hatakosa kuitazama mikono yake kila wiki. Ama kwa tafsiri, wengi hulitafsiri "gauche" kwa "mshamba". Siliridhii neno hilo, maana lamlaumu mtu kwa mahali alipozaliwa. Tuna usemi ulio bora, "hajui kukaa na watu", nao unalitaja kosa lenyewe.

"Ungainly" na "uncouth" sitayakalia sana. La kwanza limejengwa juu ya neno la Kaskazini lenye maana ya kunyoka, likakanushwa, hata likawa ni mtu ambaye mwendo wake haukunyoka. Tazameni jinsi upande unavyoturudia. La pili lilikuwa na maana ya kitu kisichojulikana, likashuka ngazi kwa ngazi, kutoka kisichojulikana hadi cha kigeni, na kutoka cha kigeni hadi cha kishenzi, na kila lugha duniani ingefaa ijichunguze kama haina ngazi ya namna hiyo.

Sasa nakuja kwenye moyo, ambako mushkili ni mkubwa. Kiingereza kina "embarrassed", "ashamed" na "shy", na wanafunzi wetu huyatafsiri yote matatu kwa kuona haya. La kwanza limepitia Kifaransa kutoka Kihispania, na hapo mwanzo halikuwa na habari ya uso wala macho. Lilimaanisha kuzuia na kutatiza, kama njia iliyozibwa au uzi uliojisokota, na hata leo mtu mwenye madeni yasiyolipika huambiwa kwa Kiingereza cha heshima kwamba mambo yake ni "embarrassed". Kwetu neno la tatizo limetoka pale pale, katika uzi uliotatana. "Embarrassed" basi ni mtu aliyetatizwa mbele ya wenzake, kwa kitambo, kwa jambo ambalo huenda hata si kosa lake. Akiondoka chumbani, nusu ya tatizo imeondoka naye. "Ashamed" hahitaji chumba. Yeye aweza kuamka usiku wa manane, hakuna mtu, na moyo ukamwuma kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Huyu kwa Kiswahili nafsi yake inamsuta. Na "shy" ni tabia, si tukio. Ni mwenye soni, kwa neno letu lenye asili ya Kibantu, tangu asubuhi hata jioni.

Haya si katika hawa watatu. Haya, ambayo tumeipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na dini, ni sifa njema, ni pazia la mtu, na wanazuoni wameihesabu kuwa tawi la imani. Asiyekuwa nayo twamwambia ana macho makavu. Hakuna Mwingereza anayemsifu mwanawe kwa kuwa "embarrassed". Kwa hiyo ukimwambia Mswahili kwamba fulani ameona haya, huenda umemsifu, na ukimwambia amefedheheka umemzika, na baina ya hayo mawili kuna neno moja ambalo mimi nalipenda kuliko yote, nalo ni kutahayari. Katika Kiarabu ambamo limetoka, shina lake ni kupotewa, kutojua pa kuelekea, kama msafiri aliyesimama njia panda jangwani. Yaani neno letu la Kiarabu na neno lao la Kaskazini, kwa njia mbili zisizokutana, yamefika mahali pamoja: mtu aliyepotewa na upande. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota pete yake mchangani.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao, aliandika sura nzima juu ya kuiva kwa uso, na kabla ya hapo aliwapelekea maswali watu waliokaa katika nchi nyingi, akataka kujua kama watu wa rangi zote huona haya kwa namna moja. Alihitimisha kwamba damu huja usoni kwa karibu watu wote, hata pale ambapo ngozi nyeusi huificha. Mtu wa pwani angalimjibu bila ya safari, kwa kumwonyesha msichana anayechora ardhi kwa kidole cha mguu.

Liko swali ambalo vijana huniuliza, na wengine hunitolea kama hukumu: kwamba Kiswahili hakina neno la "awkward", ndiyo maana wao hulitia lile lile la Kiingereza katikati ya maneno yao. Swali hili ni kongwe kuliko Kiingereza chenyewe. Cicero, katika kitabu chake juu ya msemaji, alichokiandika mwaka 55 kabla ya kuzaliwa Masihi, amemweka Crassus, mmoja wa wanaozungumza katika kitabu hicho, asifu neno la Kilatini "ineptus", la mtu asiyeona wakati wataka nini, asemaye kupita kiasi, asiyejali heshima wala nafasi ya wale alio nao. Kisha akadai kwamba Wayunani hawana neno hilo, kwa sababu kosa lenyewe limewaenea hata hawalioni. Ni maneno makali, na kwa maoni yangu si ya haki. Karne mbili na zaidi kabla yake, Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alikuwa amekwisha mchora mtu huyo huyo kwa Kiyunani, mtu wa wakati usio wake, aendaye kumtaka shauri rafiki aliyeshughulika, na aalikwaye harusini akaanza kuwasema vibaya wanawake. Wayunani walilitazama kosa kwa upande wa wakati, Warumi kwa upande wa kufaa, na watu wa Kaskazini kwa upande wa mwelekeo. Kosa ni moja, madirisha ni mbalimbali. Nasi tuna madirisha yetu, mengi kuliko wao, na kijana asemaye hatuna neno amechungulia moja tu akaondoka.

Mara nyingine dirisha letu ni dogo zaidi na lafaa zaidi. Jeshini, kikosi cha wasiojua bado kupiga hatua pamoja Waingereza hukiita "awkward squad", na inasimuliwa kwamba Robert Burns, mshairi wa Uskoti aliyekuwa askari wa kujitolea mjini Dumfries, alipokuwa mahututi mwaka 1796 aliomba kikosi hicho kisiachiliwe kupiga bunduki juu ya kaburi lake. Kwetu hao ni makuruta wasiojua kwata, wala hapana haja ya zaidi. Henry James alitoa riwaya mwaka 1899 iitwayo The Awkward Age, juu ya msichana aliye baina ya utoto na dunia ya wakubwa. Kiswahili kingemwita kigori au mwanamwali, kwa kadiri ya umri wake, kikamwonyesha mahali aliposimama bila ya kumlaumu kwa kusimama hapo.

Lakini kimya cha barazani, kile ambacho Waingereza hukiita "awkward silence", bado chanisumbua, nami nitawaeleza nilivyokijua. Mzee alipokwisha niuliza swali lake, sikuwa na jibu. Nilisema, "La, mzee wangu, hamkumkosea lo lote," lakini sikuweza kusema basi ni nini. Wazee wakatazamana. Mgeni, ambaye hakuelewa neno hata moja ila alikuwa ameona kikombe kikiwekwa chini, akanitazama mimi. Nami nikautazama mkeka. Nimejaribu mara nyingi kukiandika kimya kile kwa Kiswahili, na kila mara hunitaka sentensi nzima: si kimya cha heshima, si cha hasira, ni kimya ambacho kila mmoja anamngoja mwenziwe amwonyeshe njia. Kilikatika pale mgeni aliponyanyuka, akavua viatu, akakiacha kiti, akaja akaketi mkekani baina yetu, magoti yake marefu yakimpanda hata kifuani. Mzee akasogea kumpa nafasi. "Kumbe alikuwa akituonea haya," akasema, akaagiza kahawa nyingine.